Mkono wa Kushoto wa Bi Rosa

Msimu wa korosho unapoanza, mabibo yaliyodondoka chini ya mikorosho huanza kuchacha, na harufu yake, tamu na kali kwa pamoja, hupenya mpaka vyumbani. Wengine wakiisikia hukumbuka uraka, ile pombe yetu ya mabibo, na vurugu zake. Mimi hukumbuka mkate. Hukumbuka mkono mmoja uliotapakaa unga hadi kwenye kiwiko, na sauti ya mwanamke akiniambia, "Neema, shika hapo, chano kisikimbie."

Tulikaa Newala, pembeni kidogo ya mji, juu ya uwanda, mahali ambapo mtu akisimama ukingoni huona bonde lote la Ruvuma limelala chini yake, na baada ya mto nchi nyingine iliyofifia kwa umbali. Nchi ile tuliiita ng'ambo tu. Mara kwa mara mlio mzito ulitoka huko, na Bibi, mama yake Baba, alisema ni ngurumo, hata kama mbingu ilikuwa kavu kabisa. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaijua sura yake. Baba alikuwa seremala, na mara nyingine alikwenda kufanya kazi kwenye karakana ya misheni ya Ndanda, akitengeneza vitanda na madirisha ya hospitali.

Siku moja alirudi kutoka huko akiwa na sanduku lake la vifaa na mwanamke mrefu aliyevaa koti la kiume. Mkono wa kushoto wa koti lile ulikuwa umefungwa fundo.

"Mama, huyu ni Bi Rosa," Baba alimwambia Bibi. "Alikuwa askari wa wapigania uhuru wa Msumbiji. Hospitali wameshamtibu, ila hana pa kwenda. Nimefikiri kile chumba cha uani."

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akamsemesha Kimakonde. Bi Rosa alipojibu kwa Kimakonde kilekile, chenye lafudhi ya ng'ambo, Bibi alisogea kwenye mkeka akampa nafasi ya kukaa. Mambo yakaishia hapo.

Mimi macho yangu hayakutoka kwenye lile fundo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kwa kuwa hakuna aliyenikataza nikamwuliza mkono wake uko wapi.

"Nimeuacha kule ng'ambo," alisema, kama mtu anayesema ameacha mwavuli kwa jirani.

"Utakwenda kuuchukua?"

"Uhuru ukifika, nitakwenda."

Watu wazima walicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, au niliamini nimeelewa. Uhuru nilimjua. Kulikuwa na kijana wa jirani aitwaye Uhuru, aliyezaliwa mwaka nchi yetu ilipojitawala. Basi huyu alikuwa Uhuru mwingine, mtu mzima, anayekuja kutoka mbali. Akifika atamchukua Bi Rosa waende ng'ambo, wautafute mkono mahali ulipoachwa, na Bi Rosa aurudishe mahali pake. Sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Baba mwenyewe alikuwa akirudishia viti miguu.

Watu walimpa Bi Rosa ushauri mwingi. Akae barazani auze chumvi. Afundishe watoto katekisimu. Aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akasema anataka kuoka mikate. Alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa Mreno mmoja mwenye shamba la pamba, na kitu pekee alichokiondoa pale bila mwenye shamba kujua ni namna ya kuoka. Newala wakati ule mkate ulikuwa kitu cha kutoka mbali. Ulikuja na basi, na ulipofika ulikuwa mgumu kiasi kwamba Bibi aliuloweka kwenye chai kama anayeloweka makopa ya muhogo.

"Kwa mkono mmoja?" Bibi alimwuliza.

"Unga haujui kuhesabu mikono, Mama."

Alijenga tanuri mwenyewe uani, kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu, akiukandika kwa kiganja na kuulainisha kwa kigutu chake. Lilitoka mviringo, kama chungu kikubwa kilichofunikwa kifudifudi, lenye mdomo mbele. Baba alitengeneza mlango wa bati, na ubao wenye mpini mrefu wa kuingizia mikate. Lakini tatizo lilikuwa kukanda. Kila Bi Rosa aliposukuma unga, kile chano cha mbao kilikimbia juu ya meza, na mkono wa kukizuia haukuwapo. Baba alimwangalia siku nzima. Jioni akaja na nyundo, akakiunganisha chano kwenye kigogo kilichochimbiwa ardhini, kwenye kimo chake hasa. Bi Rosa alisukuma unga mara moja, akasukuma tena. Chano kilitikisika kidogo tu.

"Asante, Baba Neema," alisema.

Baba akaokota misumari yake iliyobaki, kila mmoja, taratibu, hata ile iliyopinda.

Kile kitikisiko kidogo kilichobaki kilikuwa kazi yangu. Nilishika ukingo wa chano anapokanda. Nilifungua midomo ya magunia, nikashikilia ungo, nikafunga kamba. Yeye alikata donge, mimi nikaliviringisha. "Huyu ndiye mkono wangu wa kushoto," aliwaambia wateja, nami nilinyanyuka nikawa mrefu kidogo.

Hamira ya dukani haikupatikana, kwa hiyo katika msimu wa mabibo alichukua uraka mchanga, ule ambao bado unachemka wenyewe bila moto, akauchanganya na unga kwenye kichungu cha udongo. Baada ya siku chache donge lile lilivimba na kutoa vipovu. Hiyo ndiyo ilikuwa chachu. Alinifundisha kwamba ukishaipata hutaki uraka tena mwaka mzima: kila siku unatoa sehemu ya kuumulia mikate, na sehemu inayobaki unailisha unga na maji vuguvugu. Ukiisahau inakufa. Nilifunua kitambaa cha kile kichungu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kuangalia kama inapumua.

Mikate yake ilikuwa midogo ya mviringo, ganda gumu linalolia likivunjwa, ndani laini. Walimu waliinunua, mabwana shamba, wauguzi, madereva wa malori ya korosho. Bi Rosa alijinunulia gauni la kitenge, akaacha kuvaa lile koti. Lakini alilikunja vizuri, akalifunga ndani ya kanga pamoja na vitu vingine vichache, akakiweka kifurushi hicho juu ya sanduku. Nilijua ni cha nini. Kilikuwa kinamngoja Uhuru.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Bi Rosa akipata mkono wake wa kushoto wa kweli, wangu atautaka wa nini? Usiku kabla ya kulala Bibi alituongoza kusali, na baada ya kuwaombea wagonjwa na wasafiri mimi niliongeza kimoyomoyo ombi langu, kwamba Uhuru apotee njia.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Watu wote waliokaa wametawanyika kwenye mashamba yao walitakiwa wakae pamoja, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, ili shule, maji na zahanati viwafikie. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Nyumba ya miti na udongo mtu anaweza kuijenga tena, lakini tanuri halipandi lori. Bi Rosa alilizunguka akilipapasa, kisha akachukua jembe akalivunja mwenyewe. Nilianza kulia.

"Usilie. Okota vipande," alisema. "Udongo ulioungua ukisagwa na kuchanganywa na udongo mbichi, tanuri jipya halipasuki."

Tulihama hivyo: magodoro, kuku, Bibi amekaa mbele na dereva, gunia la vipande vya tanuri, na mimi nyuma ya lori nimebana kile kichungu cha chachu katikati ya magoti. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Watu waliokuwa wamepakata watoto wachanga hawakuwa waangalifu kama mimi.

Kijiji kipya kilikuwa na Mwenyekiti, mtu mwembamba, msafi, aliyependa kila kitu kiwe kwenye mstari. Hakuwa mtu mbaya. Alimwandika Bi Rosa pamoja na wazee na wagonjwa, wasiokwenda shamba la kijiji, watakaogawiwa chakula. Bi Rosa alimshukuru, akaanza kujenga tanuri. Mwenyekiti akaja.

"Bi Rosa, hapa tunajenga ujamaa. Biashara ya mtu mmoja mmoja ni unyonyaji."

Bi Rosa alinyanyuka, udongo ukimdondoka. "Mwenyekiti, niambie nisikie vizuri. Unga ni wangu, kuni nakata mwenyewe, mkono ninao mmoja. Namnyonya nani?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko kile kilimwudhi Mwenyekiti kuliko maneno yenyewe. Alisema suala litapelekwa kwenye kikao. Kikao kikasema lingoje kikao kingine. Bi Rosa akamaliza tanuri, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aoke wala asioke, akaoka. Mwaka ule mvua zilikuwa haba na unga wa ngano ulikuwa wa kubahatisha. Alichanganya na unga wa muhogo, mikate ikawa mizito kidogo. Siku asizooka hata mkate mmoja tuliilisha chachu vilevile, kwa kijiko cha unga ambacho Bibi angeweza kupikia uji. Bibi hakulalamika.

Kipupwe kilipoingia, ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala barabarani, Mwenyekiti alipiga hodi kwetu. Safari hii hakukunja uso.

"Bi Rosa, wilayani wametuletea magunia ya unga wa ngano. Kesho kutwa kuna malori ya wageni yanapita, na kijiji kimeagizwa kiwakirimu. Mafuta ya kula hayapo, kwa hiyo chapati haziwezekani."

"Wageni gani?"

"Wenzako. Wanarudi kwao. Msumbiji imepata uhuru."

Bi Rosa alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini taratibu. Nilimwona akiugusa mlango kama anayetafuta pa kujishikiza, na Baba akaacha randa yake akasogea karibu, lakini hakumgusa.

"Mimi si mnyonyaji, Mwenyekiti?" aliuliza hatimaye.

"Bi Rosa, hayo tuyaache."

"Basi nataka wanawake, nataka kuni, na nataka maji. Maji mengi."

Maji ndiyo yaliyokuwa mtihani. Uwanda wetu hauna visima wala mito. Maji yalifuatwa bondeni, kushuka rahisi, kupanda roho mkononi. Mwenyekiti alikwenda kupiga kengele ya kijiji. Na alipoona wanaume wanatazamana, kwa kuwa maji kwetu ni kazi ya wanawake, alivua viatu vyake vilivyong'arishwa, akachukua ndoo, akatangulia mwenyewe. Wakamfuata.

Tulioka tangu alasiri ile hadi asubuhi ya siku ya malori. Sijawahi kuona tena uani kwetu watu wengi namna ile. Chano kimoja hakikutosha, Baba akang'oa mlango wa nyumba, akauosha, ukakandiwa unga. Bi Rosa alipita huku na huku akitoa amri kwa sauti ambayo hatukuijua, fupi, isiyorudiwa, na wanawake wakubwa kuliko yeye walikimbia. Kila donge liliumuliwa kwa chachu iliyotoka kwenye kichungu changu. Nilifanya kazi kama mtu mzima, lakini moyo ulikuwa mzito. Uhuru alikuwa hajapotea njia. Alikuwa anakuja kwa lori.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanaimba. Malori yalitokeza kwenye ukungu, watu wamesimama wamebanana, wazee, watoto, mbuzi, vyungu, bendera. Yaliposimama tukaanza kugawa mikate, bado ina moto, na nyimbo zikapungua kwa sababu vinywa vimejaa. Nilimtafuta Uhuru kwenye kila lori. Sikumwona mtu aliyefanana naye.

Kwenye lori la mwisho mwanamke mmoja aliyevaa sare aliupokea mkate, akautazama mkono uliompa, kisha akamtazama mwenye mkono. Akapiga ukelele, akaruka chini.

"Rosa! Kamarada Rosa, tulikuzika!"

Walikumbatiana mpaka mkate ukapondeka katikati yao. Yule mwanamke, Filomena jina lake, alipoachia alipanda juu ya bampa la lori, akawapigia kelele watu wote wa msafara kwa Kimakonde, nami nilikielewa.

"Mnaikumbuka ile njia ya mtoni, tuliyopita na watoto? Wareno walikuwa wamefukia mabomu humo. Huyu ndiye aliyetangulia. Aliyafukua kwa mikono yake, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwisho likamlipukia. Nyinyi mnaokula mikate yake, mmepita kwenye njia yake!"

Kisha bibi kizee mmoja kwenye lori alianza vigelegele, vikadakwa na wengine, vikaenda lori hadi lori, na wanawake wa kijijini kwetu nao wakaitikia. Mwenyekiti alivua kofia. Baba alikuwa amesimama kando ya tanuri, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Bi Rosa alitazama chini kama mtu aliyevuliwa nguo. Halafu akainua uso, na nilimwona akitabasamu kwa meno yote.

"Panda, Rosa," alisema Filomena. "Twende nyumbani."

Aliingia chumbani akatoka na kile kifurushi. Nilimng'ang'ania gauni. Aliniinamia. Nilitegemea maneno makubwa, lakini alisema, "Neema, ilishe chachu. Asubuhi na jioni. Usiisahau." Akapanda.

Sikuisahau. Nililia juu yake, nikaogopa chumvi ya machozi itaiua, nikawa nalia nikiwa nimegeukia pembeni. Bibi aliniuliza kwa nini nailisha na mwokaji ameondoka. Nilimjibu nimeagizwa. Baba aliurudisha mlango wa nyumba mahali pake, akaendelea na kazi, ila siku zile alipiga randa mbao mpaka zikawa nyembamba kupita kipimo.

Malori yaliporudi yakiwa matupu, watoto tuliyakimbilia kama kawaida yetu. Moja likapunguza mwendo, na kabla halijasimama sawasawa akashuka mwanamke mrefu mwenye kifurushi. Sikumtazama usoni. Nilitazama kwanza upande wa kushoto. Mkono wa gauni ulikuwa bado umefungwa fundo.

"Hukuuona?" nilimwuliza.

"Sikuona nini?"

"Mkono wako. Si ulikwenda kuuchukua?"

Alinitazama mpaka akaelewa. Akaketi palepale kando ya barabara, akacheka mpaka akashika mbavu, na kabla kicheko hakijaisha akanivuta akanikumbatia. "Mwanangu, ule umeshakuwa udongo. Haurudi huo. Chachu je?"

"Iko hai."

"Basi nina mikono yote."

Baba alikuwa ametoka na randa mkononi. Alimuuliza kama amewakuta wa kwao.

"Hakuna aliyebaki, Baba Neema. Kijiji ni majani. Nimesimama pale mchana kutwa, nimewaambia tumeshinda." Alijifuta vumbi usoni. "Nilipigana ili niende kwetu bila kumwomba mtu ruhusa. Nimekwenda. Na kurudi, nimerudi bila kumwomba mtu ruhusa."

Wakati huo jirani yetu mmoja alitokeza kwenye ua wake, akamwona, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama Neema, umerudi! Mikate lini?"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kabla ya hapo. Nilingoja amsahihishe. Baba naye alingoja, nilimwona.

"Kesho asubuhi," Bi Rosa akajibu.

Walifunga ndoa baada ya mavuno, na Mwenyekiti ndiye aliyesimamia sherehe, kila kiti kwenye mstari. Kikao kile kuhusu unyonyaji hakikuitishwa tena. Mama aliwafundisha kuoka wanawake waliomsaidia siku ya malori, na biashara iliporuhusiwa waziwazi alifungua duka mjini Newala, karibu na stendi, na jingine Masasi. Mara kwa mara alivuka mto na vikapu vya mikate kwenda kumwona Filomena, akakaa alivyotaka, akarudi alivyotaka.

Alifariki akiwa mzee sana, kitandani mwake. Siku ya kumzika walikuja wapiganaji wenzake waliobaki, wengine kwa magongo, wakasimama mstari wakampigia saluti, na nyuma yao wakasimama waokaji wake na aproni zao nyeupe, nao wakapiga saluti kwa namna yao. Jioni yule binti anayesimamia tanuri la Newala alinifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kesho tufunge duka.

Nilimwambia awashe moto mapema kuliko siku zote. Kulipopambazuka foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imeizunguka stendi, imefika barabarani.